Naombeni ushauri: jiwe lenye umbo la pembe, ni tumbawe la kale?

Mpole_Sana: Wakuu, nimeokota jiwe nyuma ya nyumba. Lina urefu wa kidole cha kati, limepinda kama pembe ya mbuzi, na upande mpana una mistari inayokutana katikati kama spoku za baiskeli. Ni tumbawe la miaka mingapi? Sina usingizi, naogopa kuliharibu.

Mama_Mwamba: Liloweshe maji, upige picha kwa mwanga wa pembeni, sarafu kando. Umbo la pembe linaelekea rugosa, kundi la matumbawe lililotoweka mwishoni mwa kipindi cha Permiani, kama miaka milioni 252 iliyopita. Ila umbo peke yake halitoshi, skleraktinia, kundi la matumbawe lililopo hadi leo, nao wana pembe. Itazame hiyo mistari, ndizo kuta za ndani za tumbawe: za rugosa huongezeka kwa mafungu manne, za skleraktinia kwa sita. Lilichomoka kwenye mwamba?

Jabali: Marehemu babu alikuwa nalo kama hilo, akizuilia mlango. Tulilitupa siku ya kuhama. Mpaka leo roho inaniuma.

Mtulivu: Vya ardhini viacheni ardhini, ndugu zangu.

Mpole_Sana: Lilikuwa juu ya udongo tu.

Mama_Mwamba: Udongo wa hapo, au umeletwa?

Mpole_Sana: Haya. Lilikuwa kwenye lundo la kokoto za lori. Lakini lundo liko kwangu, hatua kumi toka mlangoni, sijadanganya. Na nimelitia kwenye siki tangu jana ule weupe utoke. Siki tunakula, italidhuru vipi jiwe?

Mama_Mwamba: Litoe sasa hivi! Siki inayeyusha kalsaiti, madini ya hilo jiwe. Hivyo viputo ndizo kuta zenyewe zinaondoka.

Jicho_Kali: Wakuu, hii ni chai. Anaogopa kuliharibu, kumbe liko kwenye siki. Mara nyuma ya nyumba, mara lori. Picha hakuna.

Mpole_Sana: Si chai, mkuu. Picha hiyo hapo, bado linachuruzika. Upande wa kushoto kuta zimelainika kama sabuni. Niliona aibu kusema.

Mama_Mwamba: Nimeliona. Kulia, kati ya kuta, kuna mfereji mmoja mpana kuliko mingine. Hiyo ni fosula, na ndiyo inayonivuta kwenye rugosa. Lisuuze, ubadilishe maji mara kadhaa, brashi ya waya usiiguse. Kisha muulize dereva alipakia machimbo gani. Umri wake utaujulia huko.

Mpole_Sana: Nimempigia. Anasema siku ile alichanganya kokoto za machimbo mawili.