Mjadala: Je, vyuo vyetu vianzishe shahada ya pamoja ya Sheria na Saikolojia?

Ndugu mleta mada ameuliza kama wakati umefika kwa vyuo vikuu vya Tanzania na Kenya kuanzisha shahada ya miaka mitano inayounganisha Sheria na Saikolojia, kama ilivyozoeleka Australia, ambako mwanafunzi huhitimu akiwa na shahada mbili kwa mkupuo. Hoja yake ni kwamba mahakama hushughulika na watu, na anayewahukumu au kuwatetea watu bila kujua akili ya binadamu inavyofanya kazi anaifanya kazi hiyo nusunusu. Wengi wamemuunga mkono. Mchangiaji mmoja amepinga kwa kusema kwamba hakimu mzoefu humtambua mwongo kwa kumtazama tu, hivyo saikolojia ni mapambo. Mimi nakubaliana na mleta mada kuhusu ugonjwa, ila dawa aliyoipendekeza naikataa. Lakini kwanza nimjibu huyo mpingaji, maana hoja yake ina madhara makubwa zaidi.

Hatari kubwa mahakamani haitoki kwa shahidi mwongo peke yake. Inatoka pia kwa shahidi mkweli aliyekosea, ambaye hatetemeki wala kukwepa macho, kwa kuwa anaamini kila anachokisema. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ililitambua hilo mapema. Katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri la mwaka 1980, ilieleza kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu mno, na ikazitaka mahakama zijiulize shahidi alimtazama mshitakiwa kwa muda gani, akiwa umbali gani, ilikuwa mchana au usiku, mwanga ulikuwaje, na kama aliwahi kumwona kabla ya siku ile. Watafiti wa kumbukumbu nao walikuwa wakifika karibu na hapo kwa njia ya majaribio. Mwaka 1974, Elizabeth Loftus na John Palmer wa Marekani waliwaonyesha watu filamu fupi za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa katika mwendo gani. Walioulizwa kwa kitenzi kizito, mfano "yalipopondana", walikadiria wastani wa zaidi ya maili 40 kwa saa. Walioulizwa kwa kitenzi chepesi, mfano "yalipogusana", walikadiria 31.8. Filamu zilikuwa zilezile, na hakuna aliyekuwa akidanganya.

Sasa tulichukue jambo hilo hadi kituo cha polisi, maana ushahidi mwingi huanza kuharibika hapo. Mtu aliyevamiwa usiku anafika akiwa bado anahema. Askari wa upelelezi anamuuliza, "Alikuwa ameshika panga au kisu?" kabla yeye mwenyewe hajataja silaha yoyote. Jibu linaandikwa kwa maneno ya askari, linasomwa kwa sauti, na mlalamikaji anatia sahihi au dole gumba. Baada ya miezi kadhaa anasimama kizimbani na kuapa kwamba aliliona panga, na kwa wakati huo analiona kweli katika kumbukumbu yake. Wakili asiyejua lolote kuhusu kumbukumbu atamshambulia kama mwongo na kushindwa, kwa sababu mbele yake hakuna mwongo. Wakili aliyefundishwa atauliza swali moja tu la maana: ni nani aliyelitaja panga kwanza katika chumba kile?

Kwa watoto jambo hili ni zito zaidi, na ndipo moyo wangu ulipo katika mjadala huu. Kifungu cha 127 cha Sheria ya Ushahidi ya Tanzania, baada ya marekebisho ya mwaka 2016, kinamruhusu mtoto asiyezidi miaka 14 kutoa ushahidi bila kiapo, mradi aiahidi mahakama kwamba atasema kweli na hatasema uongo. Kabla ya hapo mahakama ililazimika kumpima mtoto kwanza kwa maswali, na kosa katika utaratibu huo liliweza kuufanya ushahidi wake ufutwe kwenye kumbukumbu za mahakama. Marekebisho yale yalikuwa ya haki. Hata hivyo, ahadi ya kusema kweli haimkingi mtoto dhidi ya mtu mzima anayemuuliza swali lilelile mara tano, hadi mtoto aelewe kuwa majibu manne ya kwanza hayakupendeza.

Mpaka hapo naonekana kumuunga mkono mleta mada. Tunaachana kwenye shahada yenyewe. Huko Australia anakokutolea mfano, shahada hizo mbili hazimfanyi mhitimu kuwa mwanasaikolojia: usajili unadai mafunzo ya angalau miaka sita katika fani hiyo, yakiwemo ya uzamili au ya kazi chini ya usimamizi. Kenya nayo ina sheria ya mwaka 2014 inayosimamia washauri nasaha na wanasaikolojia, yenye bodi na masharti yake ya usajili. Kwa hiyo kijana wetu atasoma miaka mitano badala ya minne ya LLB, yaani shahada ya kwanza ya sheria, kisha aende Shule ya Sheria kama wenzake ili awe wakili, huku deni la Bodi ya Mikopo likiwa limeongezeka kwa mwaka mzima, na bado asiruhusiwe kumpima mtu akili. Hata akijazia mafunzo yote hayo na kusajiliwa, hawezi kuwa wakili na shahidi mtaalamu katika shauri moja. Atalazimika kuchagua kiti kimoja, na kile kingine akikalie mtu mwingine.

Anachohitaji wakili ni uwezo wa kuisoma kazi ya mtaalamu na kuihoji. Chukueni utetezi wa ugonjwa wa akili. Mshitakiwa wa mauaji anapelekwa Isanga, Dodoma, taasisi ya kupima na kutibu wagonjwa wa akili, na ripoti inarudi mahakamani. Daktari amejibu swali la kitabibu, yaani mtu huyu anaugua nini; sheria inauliza swali jingine, kama wakati wa tendo lile ugonjwa ulimzuia kuelewa alichokuwa akifanya au kujua kwamba hakupaswa kukifanya. Wakili asiyeona pengo kati ya maswali hayo mawili hupokea ripoti kama ilivyo na kuketi. Kenya, tangu Mahakama ya Juu ilipoamua katika shauri la Muruatetu, Desemba 2017, kwamba adhabu ya kifo ya lazima kwa kosa la mauaji inakiuka Katiba, na Uganda tangu uamuzi kama huo katika shauri la Susan Kigula na wenzake mwaka 2009, maelezo ya malezi, kiwewe na afya ya akili ya mtu yana uzito wa uhai na kifo wakati wa kupanga adhabu.

Pendekezo langu ni somo la lazima la saikolojia ya ushahidi ndani ya LLB, lifundishwe sambamba na Sheria ya Ushahidi na mwalimu wa sheria pamoja na mwanasaikolojia, wanafunzi wakichambua mwenendo halisi wa mashauri na jinsi gwaride la utambuzi, ambapo shahidi humtafuta mshukiwa kati ya watu waliopangwa mstari, lilivyoendeshwa. Somo hilohilo lifike Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto na Shule ya Polisi Moshi, maana shahada ya pamoja, hata ikifanikiwa, haitamgusa askari yule aliyelitaja panga. Wachache wanaotaka kuwa watafiti wana njia yao ya uzamivu. Chuo Kikuu cha Nebraska, Marekani, kimekuwa na programu ya namna hiyo tangu 1974.

Wanaoitetea shahada ya miaka mitano naomba watutajie kazi mahsusi katika mahakama, polisi au magereza ambayo mhitimu wake ataiweza, na ambayo mwanasheria aliyesoma somo hili, akishirikiana na mwanasaikolojia aliyesajiliwa, hataiweza. Ninaiona sehemu moja tu ambapo jibu linaweza kupatikana: kumhoji mara moja tu mtoto aliyedhulumiwa, kazi hiyo ikifanywa na mtu mmoja anayejua mtoto anavyokumbuka na pia anajua sheria inakubali nini kama ushahidi. Mwenye hoja hapo ailete, nitaisikiliza.