Maliwali wa Uajemi: walishika dola au waliiangusha?

Wadau, kuna hoja inarudiwa sana: eti Uajemi ya kale ilianguka mbele ya Alexander, mfalme wa Makedonia, kwa sababu wafalme waliwapa maliwali wa majimbo madaraka kupita kiasi. Naipinga.

Kwa hesabu ya Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, mfalme Dario wa Kwanza aligawa dola katika mikoa 20 ya kodi. Mkoa wa Kilikia peke yake ulileta farasi weupe 360 na talanta 500 (kipimo cha uzito) za fedha kila mwaka. Liwali alikusanya kodi, akaamua kesi, akaweka askari. Ila mfalme hakumwachia kamba. Oroetes, liwali wa Sardis, alipomuua mjumbe wa mfalme, Dario hakupeleka jeshi, alimpeleka mtu wake Bagaeus na barua zenye muhuri. Karani akazisoma mbele ya walinzi. Waliposikia amri ya kuacha kumlinda Oroetes, wakaweka mikuki chini. Bagaeus alipoona hivyo, akampa karani barua ya mwisho: muueni. Wakamuua palepale.

Tena ipo barua ya Arshama, liwali wa Misri mwishoni mwa karne ya 5 KK. Anaagiza msimamizi wa mali zake apewe njiani unga, divai au bia, na kondoo kwa siku, na akizidisha siku moja mahali pamoja asiongezewe kitu. Huo ndio utawala mnaouita legelege?

Kilichoharibu ni uliwali kugeuka mali ya ukoo. Jimbo la Karia lilitoka kwa Hecatomnus likaenda kwa mwanawe Mausolus, na miaka ya 360 KK maliwali kadhaa wakamwasi mfalme Artaxerxes wa Pili.

Mchangiaji: Mbona unaruka mwisho wa hadithi? Mwaka 331 KK Mazaeus, jemadari wa Uajemi, aliikabidhi Babeli kwa Alexander, naye akampa uliwali wake. Mwaka uliofuata Bessus, liwali wa Baktria, akamuua Dario wa Tatu, mfalme aliyepigana na Alexander. Hapo ukoo unahusikaje?

Mleta mada: Bessus simtetei, yule ni msaliti. Ila Mazaeus umemwonea. Kwenye vita vya Gaugamela ndiye aliyeongoza upande wa kulia wa Waajemi, akambana Parmenion, jemadari wa Alexander, mpaka Alexander akaombwa msaada. Na Arsites, liwali wa Frigia ya Hellespont, mwaka 334 KK alikataa nyumba hata moja ya watu wake ichomwe ili adui akose chakula; Waajemi waliposhindwa vitani, akajiua. Mfalme je? Dario wa Tatu alikimbia vitani Issus, akakimbia tena Gaugamela. Kwa nini lawama ya kwanza impate liwali?