Naombeni ushauri: injini ya vespa PX 150, nifumue au ninunue nyingine?

KijanaWaKikwajuni
Assalam alaykum wadau. Nimekwama, naomba msaada wa haraka. Vespa PX 150 imekufa nguvu. Mwanzo ilikuwa ikishapata moto silensa haishuki, unafunga mkono wa mafuta lakini injini inaendelea kulia. Baadaye ikajamu njiani maeneo ya Amani. Ilipopoa nikapiga kiki ikawaka, ila haivuti tena. Sasa mpaka jasho likutoke ndiyo iwake, na ukifungua boksi la kabureta unakuta filta imelowa petroli chepechepe.

Swali langu: bora niifumue ifanyiwe ovahoo, au nitafute injini ya mtumba niifunge yaishe? Kabla ya Idi lazima iwe barabarani.

MzeeWaGereji
Waalaykum salaam. Kabla ya swali lako, jibu yangu. Petroli na oili unachanganya vipi? Plagi ukiitoa ina rangi gani? Oili ya gia imepungua?

Silensa kugoma kushuka ni dalili ya hewa kuingia pasipotakiwa. Mara nyingi ni sili, ule mpira unaozuia hewa kwenye krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), upande wa magneti imekauka. Hewa ikizidi, petroli inakuwa pungufu, na oili imo humo humo ndani ya petroli, kwa hiyo pistoni inapata moto na kukosa ulainisho kwa pamoja. Ndipo inapokamata silinda. Ikifa sili ya upande wa klachi mambo ni tofauti: inavuta oili ya gia, unaona moshi mweupe mzito nyuma.

ChumaChakavu
Uza nunua Boxer. Vespa waachie wazee wa bao na kahawa 😂

MtotoWaMalindi
Umenikumbusha mbali. Marehemu baba alikuwa na Bajaj Chetak, wale Wahindi walioanza kwa leseni ya Piaggio miaka ya 60 halafu wakaja na ya kwao 1972. Tulikuwa tunapanda sote: mdogo anasimama mbele kashika usukani, mie katikati, mama nyuma kakaa upande na kikapu cha samaki. Baba hakuwahi kumpa fundi ile injini. Kila Ijumaa baada ya sala anatandika gunia, anatoa plagi, anaipiga msasa. Hata kaka alipooa, bibi harusi alifuatwa na ile ile Chetak. Sasa hivi imebaki bodi tu, kuku wanatagia.

KijanaWaKikwajuni
@MzeeWaGereji mchanganyiko uko sawa, lita 5 za petroli na mililita 100 za oili ya 2T, ile ya injini za tu-stroki kama hii. Plagi nyeupe kabisa. Oili ya gia haijapungua. Fundi naye kasema hivyo hivyo, sili ya upande wa magneti. Ila anasema na valvu imekwaruzika, ndiyo maana petroli inarudi nyuma. Ndiyo nikawa nafikiria injini nyingine.

@MtotoWaMalindi Mungu amrehemu mzee.

DerevaWaMbagala
Hapo hapo simama. Tu-stroki haina valvu! Pistoni yenyewe ndiyo inafungua na kufunga matundu ya silinda, hilo mtu yeyote aliyefungua injini ya msumeno wa miti analijua. Wadau hii ni chai. Jamaa hana vespa, anatafuta tu watu wa kupiga nao soga.

ChumaChakavu
Chai ya tangawizi kabisa 😂 Nilijua tangu "lazima iwe barabarani kabla ya Idi".

BintiMkunazini
Hata mie nimeshangaa. Mtu mwenye shida ya kweli angeshaweka picha.

MzeeWaGereji
Jamani taratibu. Dereva, uliyosema ni kweli kwa tu-stroki nyingi, ila kwa PX siyo yote. Pistoni inafungua matundu ya kupitishia na ya kutolea moshi tu. Kuingia kwa petroli kunasimamiwa na krenki yenyewe. Duara lake la upande mmoja limekatwa kipande, na linazunguka likipishana kwa nafasi nyembamba kuliko unywele na sehemu iliyochongwa ya kasha la injini, chini ya kabureta. Pale palipokatwa pakipita, mlango uko wazi. Likipita duara zima, mlango umefungwa. Hiyo ndiyo valvu ya vespa. Kipande cha ringi au cha beringi kikipita hapo kinachora mistari, mlango haufungi sawasawa, na petroli inatemwa kurudi kwenye filta. Filta iliyolowa na kiki kuwa nzito kuwasha vinaingiana na hayo. Asiyeijua PX hawezi kutunga hivyo.

Lakini, Kijana, kuna jambo limenikaa. Kuiona sehemu ile kama imekwaruzika, mpaka injini ishushwe, magneti itoke, klachi itoke, na kasha ligawanywe mara mbili. Sasa wewe unatuuliza ufumue au usifumue. Fundi kaionaje?

DerevaWaMbagala
Sawa mzee, kwa valvu nimekuelewa, narudisha neno langu. Ila hilo swali la mwisho nami nasubiri jibu.

BintiMkunazini
@KijanaWaKikwajuni tupo.

KijanaWaKikwajuni
Sawa. Injini imeshashushwa. Imegawanywa, iko barazani juu ya meza. Na injini nyingine nimeshaipata, nimeshatanguliza laki mbili kwa muuzaji. Vespa si yangu, ni ya ami yangu. Yuko Muscat kwa wanawe, anarudi kabla ya Idi.

Ila msinielewe vibaya. Ami mwenyewe aliniachia funguo, akasema itumie isilale. Injini niliyoipata ni PX 150 vile vile, nimeisikia ikiunguruma kwa masikio yangu. Bodi itabaki ile ile, rangi ile ile, yeye atapanda ataondoka. Ana presha, nikimwambia vespa yake iko vipande vipande ataumwa bure. Na injini kushuka haikuwa mchezo. Bolti refu linalopita kwenye chesisi liliganda kwa chumvi ya bahari, tumelilowesha oili usiku kucha, tukaligonga kwa kipande cha mti mpaka likatoka na unga mwekundu wa kutu. Siwezi kurudi nyuma sasa.

BintiMkunazini
Chombo cha mtu ni amana. Kuruhusiwa kupanda siyo kuruhusiwa kubadilisha moyo wake. Mpigie simu leo, usingoje kesho.

MtotoWaMalindi
Wazee hawa wanajua sauti ya injini yao, kaka. Baba alikuwa anajua nani kaipanda Chetak kwa kuisikia ikiingia mtaani. Ami atapiga kiki moja tu na kukuita.

MzeeWaGereji
Niache ya ukoo, niseme ya chuma. Namba ya injini imegongwa kwenye kasha, karibu na shokapu inapofungwa. Injini za PX 150 zinaanza na VLX1M. Namba hiyo na kadi ya chombo zikitofautiana, atakayesimamishwa barabarani ni ami yako, wewe hupo. Hilo tu linatosha kukuzuia.

Sasa kafanye hivi. Safisha ile sehemu ya valvu kwa petroli, ikauke. Pitisha ukucha ukikatiza mistari. Ukucha ukiteleza, kasha ni zima, lifunge kwa amani. Ukikwama, mwenye mashine ya kukereza anaweza kujaza aluminiamu na kuchonga upya, au utafute kasha. Mtikise konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, juu chini: ukisikia mchezo wowote, krenki haifai. Kucheza kidogo kulia kushoto ni kawaida.

KijanaWaKikwajuni
Nimerudi. Mistari ipo, ila ukucha unateleza. Mmoja tu wa pembeni unagusa kidogo, haufiki kwenye tundu. Konrodi anacheza, tena wazi.

Na ami nimempigia. Alinyamaza nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza kama bisibisi ilitumika kugawanya kasha. Nikamwambia hapana, fundi alilipasha moto na kugonga kwa nyundo ya mpira. Akasema, "Basi hiyo injini ya watu irudishe, yangu ifungwe."

BintiMkunazini
Alhamdulillah. Na laki mbili?

KijanaWaKikwajuni
Muuzaji hataki kurudisha pesa. Kakubali kunipa krenki ya ile injini, niongeze kidogo. Fundi anasema iko sawa.

MzeeWaGereji
Mistari hiyo achana nayo, kasha litafanya kazi. Krenki ya mtumba usiifunge kwa maneno ya fundi. Mtikise konrodi wake kama ulivyomtikisa wa kwanza. Angalia ukingo wa duara linalofunga valvu, uwe laini pande zote. Angalia na koni ya upande wa magneti pamoja na mfereji wa kile kichuma cha nusu mwezi. Mfereji ukiwa umetanuka, magneti itahama na moto utapotea.

Silinda ipimwe. PX 150 ikiwa mpya ina milimita 57.8. Kama pistoni imeacha michubuko mirefu, ichongwe na uchukue pistoni ya saizi inayofuata, usibadilishe ringi peke yake. Sili zote mbili mpya, beringi mpya, nazo beringi ziingie kasha likiwa la moto, zisipigwe nyundo. Oili ya gia mililita 250. Ikishawaka usiifungulie mkono wote, na usimbebe mtu mpaka pistoni izoeane na silinda.

DerevaWaMbagala
Mzee, sili za buluu au za kahawia? Nina rafiki ana PX 125 inalia vile vile.

MzeeWaGereji
Za kahawia zinahimili joto na petroli ya siku hizi zaidi. Zipake oili mdomoni kabla ya kuzipachika, la sivyo zitaungua dakika ile ile ya kwanza. Mwambie rafiki yako asiendelee kuipanda.