Kusota kwenye gemu: kinachoua raha ni kurudiarudia, au kuna jengine?

Wesha_Gatini

Assalaam alaykum wadau. Nina suala la kusota, yaani kurudia kazi ile ile kwenye gemu ili upande levo, ambalo mimi na mdogo wangu tumelibishania mpaka mama katutoa ukumbini. Nalileta hapa kwa sababu nataka jibu la mtu anayecheza, si la mtu atakayeniambia gemu ni za watoto.

Nacheza RuneScape, ile ya kizamani waliyoirudisha 2013 na kuitia kwenye simu 2018. Ndani yake mna kazi nyingi, mimi nimeshikilia uvuvi. Unapanda meli Port Sarim kwa sarafu 30, unashuka kisiwa cha Karamja, unakwenda gatini na dema lako, ule mtego wa kuzamisha, unagusa maji, unangoja. Kambakoche mmoja, pointi 90. Mwengine, pointi 90. Mkoba una nafasi 28, na moja imeshakaliwa na dema lenyewe. Ukijaa unawamwaga chini mmoja mmoja, wanalala pale pale gatini, halafu unagusa maji tena.

Kambakoche unaruhusiwa kuwavua ukifika levo ya 40. Levo ya mwisho ni 99, na kuifikia kunataka pointi 13,034,431. Piga hesabu: kutoka 40 mpaka 99 kwa kambakoche peke yao ni zaidi ya 144,000. Na levo ya 92, ambayo mtu angedhani keshafika mlangoni, ndiyo kwanza nusu ya safari, pointi 6,517,253. Mdogo wangu alipoiona hesabu hiyo akasema, "Kaka, hichi si mchezo, hichi kibarua, tena kisicho na ujira."

Sasa, ami yetu anatega dema za kweli hapa Wesha, Pemba, na nimetoka naye baharini tangu nasoma skuli. Kazi yake pia ni ya kurudia. Kutia chambo, kuzamisha, kuinua, kutia chambo. Lakini kila anapoinua kuna kitu anakitazama. Anageuza dema aone upande gani umesuguliwa na mwamba, chambo kimeliwa chote au kimedonolewa tu, kamba imevutwa na maji kuelekea wapi. Ikiwa bamvua hategi pale alipotega maji mafu. Kule Karamja hakuna cha kutazama. Maji ni yale yale, na kambakoche wa leo hakufundishi lolote kuhusu wa kesho.

Kwa hesabu hiyo mdogo wangu angekuwa kashinda. Ila kuna jambo linanizuia kumpa ushindi. Nikirudi kazini jioni nimechoka, ule uvuvi wa Karamja unanipumzisha kweli. Nimeweka simu juu ya goti, watu wanazungumza barazani, nami nimo kwenye mazungumzo. Lakini nina gemu nyengine ya vita kwenye simu hiyo hiyo, sitaitaja jina, ambayo inanipa vijikazi kila siku: ua kumi, fungua sanduku, ingia kabla ya saa sita usiku usije ukakatika mlolongo wako wa siku. Kurudia kwake ni kudogo kuliko kwa Karamja. Na inanichosha roho. Naifungua huku nimekunja uso.

Kwa nini kurudia kule kunipumzishe na huku kunikere? Nisaidieni.

Fundi_Simu_Darajani

Waalaykum salaam. Mimi naona mdogo wako yuko sawa, na unachokiita kupumzika ni mazoea.

Nakwambia kwa ninachokiona mezani kwangu. Vijana wananiletea simu tachi imekufa sehemu moja tu, kulia kwa chini, pale kinapokaa kitufe cha gemu cha kupigia. Kioo chote kizima, unaandika meseji vizuri, ila ukifika kile kipande cha ukubwa wa sarafu, kidole hakishiki. Wengine wanalala na simu imechomekwa chaji na gemu inajicheza yenyewe kukusanya pointi, asubuhi betri imevimba imesukuma mfuniko. Gemu ikijicheza yenyewe usiku kucha, raha yake kaipata nani?

Halafu tusijidanganye kwamba ile hesabu ndefu imekaa pale kwa bahati mbaya. Mnakumbuka Star Wars Battlefront II ya 2017? Mtu alishanunua gemu kwa bei kamili, akamkuta Darth Vader kafungiwa mpaka akusanye krediti 60,000. Wachezaji wakakadiria ni kama saa 40 za kucheza kwa ajili ya mhusika mmoja. Na pembeni kuna visanduku vya kununua kwa pesa, hujui ndani utapata nini. Kelele zilipokuwa kubwa, EA, wenye gemu hiyo, wakashusha kwa asilimia 75, ikawa 15,000. Kwa siku chache tu! Kama ile 60,000 ingekuwa na maana katika mchezo wenyewe, isingeshuka hivyo. Mwaka uliofuata tume ya kamari ya Ubelgiji ikatamka kwamba visanduku vya bahati vya kulipia ni kamari.

Njia inarefushwa makusudi ili uuziwe njia ya mkato. Hilo ndilo jibu langu, na linanikera sana, kwa sababu wanaolipa ni watoto wanaokatwa salio kwenye simu za mama zao.

Zamu_ya_Usiku_Nungwi

Fundi, la visanduku nakuunga mkono moja kwa moja. La "mazoea" hapana, kaka yangu.

Mimi nakaa mapokezi hotelini zamu ya usiku. Baada ya saa saba hakuna mgeni anayepita, na huruhusiwi kulala. Nina Nintendo ya mkono aliyoniachia binamu yangu, nacheza Pokémon, na ninachofanya ni kuwinda wale wanyama wenye rangi isiyo ya kawaida. Katika gemu zile za zamani nafasi ya kumpata ni moja katika 8,192. Kuanzia zile za 2013 wamerahisisha, imekuwa moja katika 4,096. Unatembea kwenye majani, anatokea mnyama, rangi ya kawaida, unakimbia. Anatokea mwengine, unakimbia. Hicho tu.

Watu wanadhani ukifika mara 4,096 lazima umpate. Si kweli. Kila mara inaanza upya, haihesabu ulizokwisha kujaribu. Watu mia wakijaribu mara 4,096 kila mmoja, kama 37 kati yao watamaliza mikono mitupu. Mimi hilo nalijua, na bado nacheza, na sidhani kama nimerogwa.

Nakubali kuna mtego ndani yake. Mwanasaikolojia Mmarekani B. F. Skinner aliliona hili zamani kwa njiwa na panya wake ndani ya visanduku: mnyama anayepewa punje kwa mpango usiotabirika huendelea kubonyeza kwa muda mrefu kuliko anayejua punje itatoka lini. Lakini angalia tofauti. Pokémon yangu haina saa. Nikiiweka mwezi mzima kwenye droo, nikiifungua nakuta kila kitu pale pale nilipokiacha. Hainitumii ujumbe, hainiambii mlolongo umekatika, na hakuna kitufe cha kununua. Nikimwona yule wa rangi tofauti anatokea na zile nyota zinamzunguka, nasimama kitini peke yangu ukumbini. Furaha ile hainidai kitu.

Wesha, nadhani ndiyo tofauti ya gemu zako mbili. Karamja inakungoja. Ile ya vita inakuita.

Mwalimu_Wete

Nimesoma yote, na dada wa Nungwi kasema jambo kubwa. Naongeza kwa sababu naona Fundi anatuelekeza kwenye dawa ambayo ishajaribiwa ikashindwa, yaani tuondoe kusota, watu wapate vitu haraka, raha irudi.

Diablo III ilitoka 2012. Gemu hiyo yote ni kurudia: unaua majini, yanaangusha silaha, unatafuta silaha bora uue majini makubwa zaidi. Blizzard, watengenezaji wake, wakaweka soko la mnada ndani yake, mtu anauza silaha alizookota, kwa dhahabu ya gemu au kwa pesa za kweli. Njia ya mkato halali kabisa. Kilichotokea ni kwamba upanga mzuri ulikuwa rahisi kuupata sokoni kuliko kwa kupigana, basi watu wakawa wanashinda sokoni. Wakaupata, kisha wakakosa sababu ya kupigana. Soko likafungwa tarehe 18 Machi 2014, na walioliweka wenyewe walikiri kwamba linadhoofisha kiini cha mchezo. Pale kusota kulipofutwa, raha haikubaki peke yake.

Jengine ni namna kazi inavyowekwa mbele ya mchezaji. World of Warcraft ya 2004, walipokuwa wakiijaribu, walitaka watu wasikeshe. Wakaweka kwamba ukicheza sana pointi unazopata zinapungua. Wachezaji wakachukia. Wakageuza: aliyepumzika anapata asilimia 200, muda ukiisha anarudi kwenye 100. Mpango ni ule ule kwa hesabu, na watu wakaupenda. Kwa hiyo kero nyengine hazimo kwenye wingi wa kazi. Zimo kwenye kuhisi unaadhibiwa.

Na kuna kurudia ambako hakuitwi kusota. Tetris, aliyoibuni Alexey Pajitnov kule Moscow mwaka 1984, ina maumbo saba tu. Saba! Unayapanga, yanapotea, unayapanga. Lakini kila mara mkono wako unajua zaidi kuliko jana, na kasi inapanda kukufuata. Ndiyo anachokifanya ami yako, Wesha, anapogeuza dema kutazama ubavu wake. Anarudia kazi, lakini harudii jambo moja.

Mimi ningeuliza maswali mawili kwa gemu yoyote. Je, kurudia huku kunanifundisha kitu? Kama hakunifundishi, je, kunaniacha huru? Karamja inashindwa la kwanza, inafaulu la pili. Ile ya vita imeshindwa yote mawili, na sioni kwa nini ibaki kwenye simu yako.

Fundi_Simu_Darajani

Mwalimu, la Diablo umenishika, sikatai. Lakini angalia, soko lile lilikuwa la pesa pia. Kilichoharibu si ufupi wa njia, ni kutia biashara katikati ya mchezo. Wape watu gemu fupi ya saa kumi isiyo na duka ndani yake uone kama hawatafurahi.

Mwalimu_Wete

Gemu ya saa kumi iliyotengenezwa iwe ya saa kumi, naam, itapendeza. Niliyoisemea mimi ni ile iliyojengwa juu ya kutafuta, halafu ukaondoa kutafuta kwenyewe. Na biashara ndani ya mchezo tuko pamoja, kule kwa dhahabu tupu pia watu walikuwa wanashinda sokoni badala ya kupigana.

Wesha_Gatini

Wallahi nimefaidika. Dada wa Nungwi, lile la "inakungoja" na "inakuita" nimelisoma kwa sauti barazani, na mzee mmoja asiyejua gemu hata moja akauliza nirudie.

Ile ya vita nimeifuta jana usiku. Ilinitolea onyo mara mbili kwamba zawadi zangu zitapotea, na hapo ndipo nikazidi kuwa na uhakika. Uvuvi nauendeleza, ila nimeacha kutazama ile namba ya 99. Hata lile joho wanalouza kwa sarafu 99,000 ukimaliza levo, sharti uwe mwanachama wa kulipia, nami sina haja nalo. Na nimeanza kujaribu vita vya humo humo RuneScape, ambako inabidi ubadilishe dua ya kujikinga kwa wakati adui anapobadilisha silaha. Pale kidole kinajifunza kweli, na ukichelewa unakufa.

Mdogo wangu anasema bado kashinda yeye. Namwachia.

Fundi, suali la mwisho: simu yake ndiyo hiyo hiyo uliyoieleza, kulia kwa chini hakushiki kabisa. Imeharibiwa na gemu ya mpira. Ninaweza kukupelekea Unguja kwa mtu anayekuja na boti, au nitafute mtu hapa Chake?

Fundi_Simu_Darajani

Tafuta hapo Chake kwanza. Mwambie atenganishe tachi na kioo ikiwa simu ni ya aina hiyo, usikubali kubadilishiwa vyote viwili kabla hajaifungua ukaona. Akishindwa nitumie, ila toa laini na uandike aina ya simu kwenye karatasi uifunge nayo.