Meno ya bandia: kulala nayo, kuyachemsha, gundi... kipi ni kweli?

Mpwa_wa_Tanga: Wakuu, habari. Mama mkubwa kawekewa meno ya bandia ya kuvua, juu na chini. Mtaani anaambiwa asiyavue usiku fizi zisije zikasinyaa, ayasugue kwa dawa ya meno, na kila wiki ayachemshe. Ya chini yanacheza, kaambiwa atumie gundi tu. Afuate lipi?

FundiAkriliki: Mkuu, hilo la usiku ni kinyume kabisa. Mfupa wa taya unapungua kwa kuwa mizizi ya meno haipo tena. Kulala na bandia hakuuzuii. Kinachotokea ni kwamba mate hayafiki chini ya bamba (ile plastiki inayobeba meno na kukaa juu ya fizi), fangasi wa kandida wanastawi, na kaakaa linakuwa jekundu kufuata umbo la bamba lenyewe. Mara nyingi haliumi, ndiyo maana watu hawashtuki. Ayavue, ayalaze kwenye maji ya kawaida yanayoyafunika yote. Ila waliong'olewa na kuvalishwa siku hiyohiyo, hao kwa kawaida huambiwa wasivue saa 24 za mwanzo.

Kuchemsha asithubutu. Akriliki, yaani plastiki ya bandia hizo, ikipata maji ya moto inapinda, na ikipinda hairudi. Dawa ya meno nayo ina chembe za kusugulia. Zinachora mikwaruzo, na uchafu unajificha humo. Atumie brashi laini na sabuni ya maji, juu ya beseni lenye maji ili yakiponyoka yasivunjike. Fizi na ulimi navyo vipigwe mswaki, hata kama hana jino hata moja.

Shangazi Kinywa: Naongezea kuhusu jiki, maana wengi wanayaloweka usiku kucha. Jiki ya asilimia 3.5: sehemu 1 kwa sehemu 6 za maji, dakika 10 zisizidi, kisha yasuuzwe sana. Ikizidi hapo rangi ya fizi inapauka. Yenye vishikizo vya chuma yasiguse jiki kabisa, chuma kinaliwa.

Kuhusu kucheza: ya juu yanashikwa na mvuto wa kaakaa lote, ya chini yamebaki na ukingo mwembamba na ulimi unayasukuma. Kwa hiyo ya chini kulegea kidogo kuliko ya juu si kosa la fundi. Lakini yakiinuka akiongea, arudi kliniki, sehemu ya ndani ijazwe upya. Gundi ni ya kusaidia bandia inayokaa vizuri: vitone 3 au 4, kwenye bamba kavu kiasi. Anayemaliza tyubu kila baada ya siku chache aangalie kama ina zinki. Zinki ikizidi kwa muda mrefu inashusha madini ya shaba mwilini na kuharibu neva. Miguu inaanza kufa ganzi.

Mpwa_wa_Tanga: Asanteni sana. Kuna mahali panamchubua, anataka kupakwangua kwa kisu. Na ana ufa mdogo, supagluu je?

FundiAkriliki: Vyote hapana! Supagluu si ya mdomoni, tena ikiganda vipande vikiwa vimepishana hata kidogo, fundi hawezi kuvilinganisha. Apeleke vipande vyote, hata vidogo. Kuhusu mchubuko, avae saa chache kabla ya kwenda ili alama ionekane, daktari asage hapo tu. Kidonda kisichopona wiki 2 baada ya kusagwa kichunguzwe, kisisingiziwe meno.

Shangazi Kinywa: Na kwa wiki za mwanzo: ugali laini, samaki, vipande vidogo, atafune pande zote mbili kwa pamoja. Mahindi ya kuchoma ayapukuchue kwanza. Akiyang'ata kwa meno ya mbele, bamba linanyanyuka nyuma.