Gumzo la familia: kabla hatujahamia Dodoma na mama

Kundi: UKOO WA WETE

*Ijumaa, baada ya Magharibi*

Faki: Asalaam alaykum wazee wangu na ndugu zangu. Barua imetoka. Nahamishiwa makao makuu ya wizara, Dodoma, na mwezi wa kwanza natakiwa niwe nisharipoti. Nimezungumza na Zuwena, siendi peke yangu. Nataka twende na mama, shangazi na watoto wote, Nasra akiwemo. Humu hakuna aliyekaa Dodoma isipokuwa Rukia. Mwenye kujua chochote aseme, na asiyejua aulize.

Ami Shaame: Waalaykum salaam. Hongera mwanangu, Mola akutilie baraka. Mie Dodoma nimeipita kwa basi tu, nikienda Mwanza, zamani hizo. Nnachokumbuka ni mibuyu na vumbi.

Khalfan: Hongera kaka! Nimeshaangalia ramani. Mji wa Serikali uko Mtumba na Ihumwa iko jirani. Kodi nyumba Ihumwa, ukimaliza kunywa chai ushafika kazini.

Faki: Ndivyo nilivyofikiri na mie. Kuna dalali kanitumia picha za nyumba ya huko, vyumba vinne, ina ukuta na geti.

Rukia: Kaka Faki, subiri usimpe dalali hata senti.

Rukia: Wewe utatoka asubuhi urudi jioni. Watakaoshinda kwenye hiyo nyumba ni mama yako Bi Time, shangazi, Zuwena na yule mdogo. Tafuta nyumba yao kwanza, yako baadaye. Mtumba ni kama kilomita 17 kutoka katikati ya mji, njia ya kwendea Dar. Ni lami tupu na daladala zipo, na wafanyakazi wengi wanalala mjini wakienda huko kila siku. Wewe safari hiyo unaiweza. Mama presha ikimpanda saa nane za usiku haiwezi.

Maryam: Hapo umenitoa roho ya wasiwasi, maana nilikuwa naandika hilo hilo. Mama ana presha na sukari, hapa kliniki kila mwezi namsimamia mwenyewe. Huko spitali zikoje?

Rukia: Da Maryam, kubwa ziko mbili. Ipo ya rufaa ya mkoa, watu wanaiita Jenerali, iko mjini. Na ipo Benjamin Mkapa, iko upande wa Chuo Kikuu cha Dodoma, hiyo mpaka figo wanapandikiza. Sasa ukitoka mjini kwenda Mtumba, mitaa kama Kisasa, Ilazo na Nzuguni iko upande huo huo. Mtu akikaa hapo hayuko mbali na Benjamin Mkapa, hayuko mbali na mjini, na njia ya kazini kwa Faki ni hiyo hiyo. Soko kubwa la Job Ndugai na stendi kuu ya mabasi pia viko Nzuguni.

Zuwena: Ahsante wifi yangu. Hilo la spitali ndilo lililokuwa likininyima usingizi.

Maryam: Faki, na bima? Utakuwa NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, si mfuko wetu wa huku Zanzibar.

Faki: NHIF, ndiyo. Mama nitamwandikisha.

Maryam: Hesabu vizuri mdogo wangu. Utaratibu wao ninaoujua ni mwanachama, mwenzake na wategemezi wanne. Wewe na Zuwena mshakuwa wawili. Ilyas, Samira na Hudhaifa, watano. Mama wa sita. Kadi zimekwisha. Shangazi na Nasra wako nje, na shangazi hata nafasi ingebaki hawamkubali, wao wanataka mzazi au mkwe. Kuna sheria ya bima ya afya kwa wote ya mwaka 2023, kwa hiyo nenda ofisini kwao kabla hujahama uulize hawa wawili watakatiwa bima gani na kwa kiasi gani. Usiseme tutajua tukifika. Mtu mzima hapewi "tutajua tukifika".

Shangazi Mwanakombo: Mie sijambo, mwanangu. Goti tu.

Maryam: Goti ndilo la kwanza kupelekwa spitali shangazi 🙏

Khalfan: Gharama ya bima ya Nasra naichukua mie. Ni mwanangu.

*Jumamosi*

Zuwena: Wifi Rukia, na maji? Kuna mtu kaniambia Dodoma maji ni taabu.

Rukia: Naandika kirefu, nivumilieni. Dodoma ni nchi kavu. Mvua yake ni moja, inaanza kama mwezi wa kumi na mbili mpaka wa nne, baada ya hapo hata tone. Kwa mwaka inapata kama milimita 550 hadi 600. Pemba yetu inapita 1,500. Maji ya mji kwa sehemu kubwa ni ya visima vya Mzakwe, na mji umekua haraka kuliko visima. Tangu 1973 serikali iliamua makao makuu yawe Dodoma, lakini watu hasa walianza kumiminika 2016 serikali ilipohamia kweli, na 2018 ukapewa hadhi ya jiji. Kwa hiyo mitaa mingi maji ni ya mgao.

Rukia: Ukienda kuangalia nyumba usiulize "maji yapo?" Kila dalali atakwambia yapo. Muulize mama wa nyumba ya pili: yanatoka siku gani, na saa ngapi? Kisha nenda kwenye tangi uligonge kwa vidole kutoka juu kuja chini, utasikia sauti inabadilika pale maji yalipoishia. Tangi tupu kwenye nyumba inayotangazwa lina maneno yake. Halafu angalia mdomo wa bomba la jikoni. Ukiona ukoko mweupe umeganda, hayo ni maji ya chumvi, sabuni haitoi povu na chai inabadilika ladha. Nyumba ya watu wanane inataka tangi la lita elfu mbili angalau, liwe limeinuliwa juu ya mnara.

Zuwena: Hili naliandika kwenye daftari.

Ami Shaame: Hewallah. Huyu mtoto kasomeshwa na kasomeka.

Shangazi Mwanakombo: Samaki je?

Rukia: Wapo shangazi. Perege na kambale wa bwawa la Mtera, na sato wa Mwanza. Wa baharini wanakuja kutoka Dar wakiwa ndani ya barafu.

Shangazi Mwanakombo: Na nazi?

Rukia: Zinatoka pwani, kwa hiyo ghali. Ila zabibu, shangazi, utakula mpaka uchoke, zinavunwa mara mbili kwa mwaka. Na mboga zao zipo, mlenda, na ugali wa uwele na mtama.

Shangazi Mwanakombo: Basi nitachukua pweza mkavu na mbuzi yangu ya kukunia. Hiyo simwachii mtu.

Maryam: Zuwena, chukua na mafuta ya kupaka ya kutosha na mashuka mazito. Rukia kasema kukavu, ngozi ya mama itapasuka. Mwenye sukari mguu ukipasuka si jambo dogo. Kila usiku umwangalie nyayo na katikati ya vidole.

Rukia: Kweli kabisa. Na mwezi wa sita na wa saba usiku kuna baridi ambayo sisi hatuijui, inafika nyuzi 13 au 14. Mji uko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Pua zinakauka mpaka zinatoa damu, watoto wasishtuke.

Faki: Skuli ndio jambo langu. Ilyas yuko darasa la tano. Huku anamaliza msingi darasa la sita, bara wamezoea la saba.

Khalfan: Nimesikia na wao wanahamia la sita.

Faki: Ndiyo, sera yao ya 2023, lakini wanakwenda hatua kwa hatua. Nataka nijue Ilyas ataangukia upande upi, asije akarudishwa nyuma au akakuta mtihani hakuuandaa. Nasra yuko kidato cha pili, huyo nimeona bora amalize mtihani wake wa Baraza letu la Mitihani hapa hapa mwaka huu, ndipo tuhame aanze cha tatu huko. Mwezi wa kwanza unakutana vizuri.

Khalfan: Vyema. Na chuo? Watoto wasije wakaacha Kur'ani njiani.

Rukia: Misikiti na madrasa zipo, si mji mtupu huo. Ule mkubwa wa Gaddafi uko mjini, unauona kwa mbali. Ila mitaa mipya misikiti iko mbalimbali, kwa hiyo na hilo liangalie kwa miguu, siyo kwa ramani. Tembea kutoka mlangoni mpaka msikitini, na mpaka dukani, kwa mwendo wa Bi Time.

*Jumapili*

Nasra: Asalaam alaykum. Bibi kasema niandike anavyosema, nisiongeze wala nisipunguze.

Nasra: "Nimesomewa yote. Mmeulizana maji, spitali, samaki, skuli, na nimewashukuru. Hakuna aliyeuliza nitakaa na nani. Hapa nikitoka barazani asubuhi napita na Bi Hadia, na mke wa sheha, na wanaotoka sokoni, mpaka adhuhuri sijakaa kimya. Huko nyumba ina ukuta na geti. Nitamwona nani? Na pili, mimi ni mtu mzima. Siku yangu ikifika nitazikwa wapi, na nani atanijua?"

Zuwena: Mama 😢

Ami Shaame: Shemeji, umesema la haki. Sisi wanaume tumetazama nyumba, hatukutazama jirani. Na la pili nitalijibu mie kwa sababu ni mkubwa humu. Tusimwahidi mtu tusichokiweza. Kutoka Dodoma mpaka Wete ni bara nzima na boti mbili, na sisi maiti hatumcheleweshi. Aliyefikwa huko atasaliwa huko na Waislamu wenzake, na ardhi yote ni ya Mola. Ukilikubali hilo nenda kwa moyo mweupe. Usipolikubali, nyumba yangu ipo hapa Wete na hakuna atakayekulaumu, hata Faki.

Faki: Sitomlaumu wallahi. Mama, sikukuuliza, nilikuarifu tu. Ami ana haki.

Rukia: La jirani nalijibu mie Bi Time. Hiyo mitaa mipya kweli ina kuta, na mchana watu wako makazini, pamenyamaza. Mitaa ya zamani kama Majengo, Makole na Chang'ombe watu wanakaa nje, wanajuana, akinamama wanauza vitafunwa milangoni, na Waislamu wengi. Nyumba zake ni za kubanana na Faki atakuwa mbali zaidi na kazi, lakini mjini ni pale pale, Jenerali iko karibu. Mimi ningeangalia Kisasa na ningeangalia Makole, halafu aamue mwenye kukaa barazani.

Maryam: Mimi nasema mama aende aone mwenyewe kabla ya mtu yeyote kulipa kodi. Maana wenye nyumba wa huko wanataka miezi sita mbele, ukishatoa umeshafungwa.

Rukia: Na aende mwezi wa kumi. Tafadhali msiende mwezi wa tatu, mtakuta kijani kibichi, mashimo ya vumbi yamelowa, matangi yamejaa, mtapenda kila kitu. Mwezi wa kumi jua kali, upepo, maji yamepungua. Nyumba itakayokufaa mwezi wa kumi itakufaa mwaka mzima.

Nasra: Bibi anasema: "Mwezi wa kumi karafuu zangu ziko majamvini. Nani atazigeuza? Mvua ikizinyeshea zinaharibika zote, hata kituoni hawazichukui kwa bei ya maana."

Ami Shaame: Nitazigeuza mie na wajukuu. Kila jioni zitakusanywa ndani, na zikikauka nitazipeleka mwenyewe ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, na risiti nitakuwekea. Na mkihama, shamba litabaki kwenye mikono yangu, kila msimu utaletewa hesabu yako.

Nasra: Bibi kanyamaza kidogo. Anauliza safari yenyewe ikoje.

Rukia: Boti kutoka Mkoani mpaka Unguja, Unguja mpaka Dar. Ukishuka bandarini Dar, stesheni ya treni ya umeme haiko mbali, ni safari fupi ya bajaji. Treni hiyo inakwenda Dodoma tangu 2024, saa tatu na nusu mpaka nne hivi, wakati basi linakula saa nane au zaidi. Ndani kuna choo na hakuna mashimo ya kumrusha mtu. Lakini asifanye zote siku moja, alale Dar.

Khalfan: Alale kwangu Unguja kwanza, kisha Dar kwa binamu. Nauli ya mama na ya shangazi nalipa mie.

Shangazi Mwanakombo: Na mie nimo?

Khalfan: Shangazi, wewe ndiye utakayegonga tangi.

Nasra: Bibi anasema: "Nitakwenda. Kwanza nataka kuona barazani pa watu, halafu msikiti, halafu makaburi ya Waislamu yako wapi na yanatunzwa na nani. Nyumba mtanionesha mwisho. Nikirudi nitawaambia ndiyo au hapana, na Faki asinisemee."

Faki: Sikusemei mama.

Maryam: Basi tugawane. Faki, wiki hii NHIF, barua za uhamisho za skuli, na barua ya sheha. Bara utaandikishwa kwa mwenyekiti wa mtaa, watataka kujua umetoka wapi. Rukia, watafute rafiki zako wa chuo waliobaki Dodoma, ikiwezekana mmoja wa Makole na mmoja wa Kisasa, wawapokee. Zuwena, daftari lako lije na maswali yote. Mie mama nitampima presha na sukari kabla hajaondoka, na dawa za mwezi mmoja nitazifunga mafungu mawili, nusu kwenye mkoba wake, nusu kwa shangazi, mzigo mmoja ukipotea asikose.

Faki: Na dalali wa Ihumwa nimwambie nini?

Ami Shaame: Mwambie mwenye nyumba hajafika.