Uwatu, isapgoli au vidonge vya berberini: nichukue kipi kabla ya Ijumaa?

Msafiri_Tabata
Wakuu, habari za jioni. Binamu yangu yuko Dubai, anarudi Ijumaa. Kasema kama nataka vidonge vya berberini, vile vya dawa inayotokana na mimea, nimtumie hela kabla ya Alhamisi. Ni chupa ya vidonge 60, miligramu 500 kila kimoja. Kwa hela hiyohiyo hapa Kariakoo napata uwatu wa miezi kadhaa, au isapgoli (yale makapi ya mbegu yanayovimba kwenye maji) pakiti mbili tatu kwenye maduka ya Wahindi. Shida yangu ni njaa. Nakula saa mbili usiku, ikifika saa nne nimeshafunua sufuria tena. Kitambi kimekuja na sukari imeanza kusogea. Nataka kitu cha asili cha kukata hamu ya kula na kuituliza hiyo sukari. Kipi bora kati ya hivi vitatu? Nawasilisha.

Binti Chake
Uwatu, kaka. Kijiko kimoja cha chai cha mbegu, loweka usiku kwenye kikombe cha maji. Asubuhi utazikuta zimevimba na maji yamekuwa mazito, yanavutika kama mlenda. Ule ute ndio wenye kazi: unafanya chakula kishuke polepole tumboni, kwa hiyo sukari haipandi kwa ghafla na unakaa umeshiba. Kunywa maji, mbegu tafuna, robo saa kabla ya kula. Ni chungu, lakini wiki ya pili utazoea. Jasho litanuka uwatu mpaka kwenye mashuka, hilo ujiandae.

Mfamasia wa Zamu
Kabla hatujakuchagulia: una umri gani? Sukari "imeanza kusogea" ni ngapi, na ulipima kabla ya kula au baada? Kuna dawa unatumia? Na mtumiaji ni wewe peke yako? Haya yalitakiwa yawe kwenye bandiko la kwanza.

Kocha_JK
Mimi nipo kwenye berberini mwaka wa pili na siibadilishi. Kuna utafiti wa China wa 2008: wagonjwa 36 wapya wa kisukari, wengine wakapewa berberini, wengine metformini, ile dawa ya kisukari ya hospitali, kwa miezi mitatu. Sukari ilishuka karibu sawa pande zote mbili. Nionyesheni uwatu uliofika hapo.

Mfamasia wa Zamu
Kocha, watu 36 ni wachache mno kuamulia maisha ya mtu. Halafu kwenye utafiti huohuo walimeza miligramu 500 mara tatu kwa siku. Kwa dozi hiyo chupa ya Msafiri inaisha ndani ya siku 20. Baada ya hapo atamtuma nani Dubai?

Shangazi Zena
Wanangu, naomba niseme la kwangu, maana neno "asili" liliniponza. Miaka sita iliyopita jirani aliniuzia kahawa ya kupunguza mwili, kwenye boksi limechorwa majani na matunda. Kikombe kimoja asubuhi. Siku ya kwanza sikusikia njaa mpaka magharibi, nikafurahi sana. Siku ya nne mdomo umekauka kama nimefunga, usiku sipati usingizi, moyo unapiga nausikia masikioni nikilalia mto. Kwa kuwa kilo zilikuwa zinashuka, nikaendelea. Wiki ya tatu nilianguka jikoni, ugali ukiwa bado motoni. Hospitali walikuta presha 180 kwa 110, na mimi sikuwahi kuwa na presha. Daktari aligeuzageuza lile boksi, akaniuliza viambato vimeandikwa wapi. Havikuwepo. Niliacha siku hiyohiyo, lakini dawa ya presha naimeza mpaka leo. Msafiri, kitu kikikukatia njaa yote siku ya kwanza, kiogope.

Mfamasia wa Zamu
Pole sana, Shangazi. Kilichokuwemo kwenye boksi lako hatuwezi kukijua sasa, lakini bidhaa za namna hiyo zimekutwa mara nyingi zimechanganywa sibutramini kwa siri. Ni dawa ya kukata hamu ya kula iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Tafuteni namba ya usajili. Ukiwa na shaka na dawa, ulizeni TMDA, mamlaka ya serikali inayosimamia dawa.

Mkulima_Babati
Mnabishania asili na isiyo asili, wakati hata metformini imeanzia kwenye mmea! Galega officinalis, wa Ulaya. Ulikuwa na sumu, wakatafuta ndugu yake maabara, ikatengenezwa 1922 na kuanza kutibu kisukari 1957. Na mmea wa hoodia wa jangwa la Kalahari je? Wasan, wawindaji wa huko, walikuwa wakiitafuna kuzuia njaa wakienda kuwinda. Makampuni makubwa yakaikimbilia, na Unilever ikajitoa 2008 baada ya kutumia mamilioni. Mimi nasema punguza sembe, kula dona, na anza na mboga na maharage kabla ya ugali.

Kocha_JK
Dona nayo ni wanga, mkuu. Tofauti ni makapi.

Mkulima_Babati
Makapi hayohayo ndiyo tunayozungumzia! Isapgoli ni nini kama si makapi ya mbegu?

Msafiri_Tabata
Samahanini, nilikuwa kazini. Miaka 43. Sukari asubuhi kabla ya kula 6.4, nimepima mara moja tu. Natumia amlodipini ya presha. Na tungetumia wawili, mimi na mama watoto, naye anataka kupungua. Ana mtoto wa miezi minne, ananyonyesha.

Mfamasia wa Zamu
Hilo la kunyonyesha ndilo lilipaswa kutangulia. Mama anayenyonyesha au mjamzito asiguse berberini. Inaweza kumzidishia mtoto mchanga manjano kiasi cha kudhuru ubongo. Na wewe, berberini inazuia vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa nyingi, hivyo dawa inaweza kujilimbikiza mwilini. Usichanganye na ya presha bila daktari wako kujua. 6.4 bado si kisukari ila imevuka mpaka. Rudi upime tena, na uombe kile kipimo cha HbA1c kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu iliyopita. Ukitaka kuanza na kitu, mimi ningeshika isapgoli: kijiko cha chai, glasi nzima ya maji, unywe hapohapo kabla haijaganda, maana ikivimba kooni inakaba. Dawa ya presha imeze muda wa saa mbili kabla yake.

Binti Chake
Wifi yetu si ndiyo uwatu umfae? Kwetu mzazi anaupikiwa ili maziwa yajae.

Shangazi Zena
Mwanamke wa miezi minne aachwe ale. Atapungua akishamwachisha mtoto.

Binti Chake
Sawa, Shangazi. Basi Msafiri tia mdalasini kwenye chai badala ya sukari. Ila uwe ule wa magamba membamba yaliyokunjwa mengi pamoja, unavunjika kwa vidole. Ule mgumu wa gamba moja nene una kemikali iitwayo kumarini kwa wingi, ukiuzidisha kila siku unaumiza ini.

Kocha_JK
Huo mwembamba Kariakoo mnaupatia wapi? Kila duka naliona gamba nene tu.

Msafiri_Tabata
Hela bado sijatuma, na binamu kashapiga mara mbili. Nikapime kwanza au nimwambie alete ya kwangu peke yangu?

Kocha_JK
Alete. Ukipima ukakuta huihitaji, mimi naichukua kwa bei uliyonunulia.

Mkulima_Babati
Binti Chake, hilo la mdalasini hujajibu. Nami nauhitaji, tena mwingi.